Nyuzi za Vibendera vya Michezo: Kutoka Sufu hadi Poliesta

Kabla ya mpira kuanza, manahodha wa timu mbili hupeana vibendera vya pembe tatu. Ni kitu kidogo, lakini nyuzi zake zina kemia ya kutosha vipindi kadhaa vya darasani.

Mwanzoni mwa karne ya 20, hasa huko Marekani, vibendera vya vyuo na timu vilitengenezwa kwa sufu iliyoshindiliwa, wala haikufumwa. Unywele wa kondoo una magamba madogo sana. Yakipata maji, joto na msukosuko hunasana. Kitambaa cha namna hiyo hakifumuki kikikatwa, kwa hiyo hakikuhitaji upindo. Lakini sufu ni protini, na viwavi vya nondo huila.

Baadaye ikaja rayoni, yaani selulosi ya miti iliyoyeyushwa na kufanywa uzi upya, yenye mng'ao wa hariri kwa bei nafuu. Mwaka 1941 Whinfield na Dickson wa Uingereza walivumbua uzi wa poliesta. Katika hewa ya unyevu wa asilimia 65, pamba hushika maji kiasi cha asilimia 8 ya uzito wake. Poliesta haifikii hata asilimia 1. Hukauka upesi, lakini rangi za kawaida za pamba huikataa. Hapana budi kutumia rangi maalumu zinazoingizwa kwa joto kali.

Kwa wanafunzi wa Manundu, mjini Korogwe, habari hii si ya mbali. Mkonge uliletwa mkoani Tanga mwaka 1893 na Richard Hindorf; katika miche 1,000 ilipona 62 tu. Mwaka 1964 Tanzania ilitoa tani 230,000 hivi. Kisha kamba za polipropileni, plastiki iliyogunduliwa katika miaka ya 1950, zikaunyang'anya mkonge soko, bei ikaanguka, na mashamba mengi yakaachwa. Kemia iliyong'arisha vibendera ndiyo iliyowanyima vibarua kazi.

Mwalimu aweza kuchomoa uzi mmoja mmoja na kuushika kwa koleo juu ya mshumaa. Sufu hunuka kama nywele zinazoungua. Pamba, rayoni na mkonge hunuka karatasi na kuacha majivu mepesi. Poliesta hujikunja, huyeyuka, kisha huganda kuwa punje ngumu. Tone lake la moto hunata kwenye ngozi. Kwa hiyo sahani ya mchanga iwekwe chini, na uzi usizidi urefu wa kidole.