SOMO: MHUDUMU WA AFYA WA KIJIJINI, TUMEMWELEWA?

Katika somo la toleo hili tunamwangalia mtu ambaye wengi tunamjua kwa sura, lakini kazi yake hatuielewi vizuri. Ni yule mama au kijana anayepita nyumba kwa nyumba na daftari, akiuliza nani ni mjamzito, mtoto gani hajamaliza chanjo, choo kiko wapi. Siku hizi anaitwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii.

Wazo lenyewe si geni, na makanisa yalihusika. Mwaka 1968 Baraza la Makanisa Ulimwenguni liliunda Tume ya Kikristo ya Tiba, kwa kuwa hospitali za misheni zilikuwa zikiwafikia watu wachache, na wengi waliolazwa waliugua magonjwa ambayo yangezuilika nyumbani. Mawazo ya tume hiyo yalichangia Azimio la Alma-Ata la mwaka 1978 kuhusu afya ya msingi.

Je, mhudumu huyu anafanya nini hasa? Yeye si daktari mdogo, na anayemtaka achome sindano anamkosea. Kazi yake kubwa ni kuona mapema na kumwahisha mgonjwa kwenye tiba. Chukua mfano wa mtoto anayekohoa. Mzazi anaona mafua tu. Mhudumu anasubiri mtoto atulie, anafunua kifua, anashika saa na kuhesabu pumzi kwa dakika nzima. Kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi ni dalili ya nimonia. Kwa wa mwaka 1 hadi 5, ni 40 au zaidi. Mtoto huyo anatakiwa zahanati leo, si baada ya mnada. Vivyo hivyo utepe wa kupima mkono: chini ya sentimita 11.5 ni rangi nyekundu, yaani utapiamlo mkali. Hapa Singida tuna msimu mmoja wa mvua, na Januari na Februari, chakula kikiwa kimepungua na wazazi wakishinda shambani, utepe huo hufanya kazi kubwa.

Lakini vipimo peke yake havitoshi. Tunamkumbuka mhudumu mmoja wa kijiji cha mbali. Alimkuta mama mjamzito amevimba uso na miguu, analalamika kichwa na kuona maluweluwe. Mama mkwe akasema mimba zote ndivyo zilivyo. Mhudumu hakubishana. Alikaa jikoni mpaka baba mwenye nyumba aliporudi kunywesha ng'ombe, akazungumza naye Kinyiramba, kwa heshima, kama mtoto wa kijiji. Usiku ule ikatafutwa pikipiki. Hospitali wakakuta shinikizo la damu liko juu sana. Mama alirudi na mtoto wake.

Mhudumu huyo hakuwa analipwa kitu. Mradi tulioshiriki ulimpa mafunzo, fulana na baiskeli, kisha ukaisha. Baiskeli ilipoharibika hakukuwa na wa kuitengeneza, naye akarudi kwenye alizeti yake. Hatumlaumu. Sisi tulioandika ripoti nzuri hatukuwahi kukaa na serikali ya kijiji kuuliza nani atamtunza mradi ukiondoka.

Tarehe 31 Januari 2024, Dodoma, Dkt. Philip Mpango, wakati huo Makamu wa Rais, alizindua mpango wa taifa wa kuwa na wahudumu 137,294 ndani ya miaka mitano, wenye mafunzo ya miezi 6 na posho. Ni hatua kubwa. Hata hivyo posho haimfanyi mtu afunguliwe mlango. Kijiji kikimpendekeza ndugu wa kiongozi, au kijana anayesubiri nafasi ya kuhamia mjini, kitakuwa na jina kwenye orodha tu.

Tunaomba vikundi vya akina mama, vijana na kamati za afya mjadili maswali haya:

Katika kitongoji chenu, mhudumu ni nani, na mara ya mwisho alifika lini kwenye kaya iliyo mbali kuliko zote?

Akiandika rufaa usiku wa mvua, korongo limejaa, mgonjwa atasafirishwa na nani, na nauli itatoka wapi?

Mhudumu mwenyewe akiugua, nani anamtembelea?