Chombo cha Maji na Jina Lake: Ufundishaji wa Historia katika Shule za Msingi za Masasi na Newala

1.0 Suala

Mwanafunzi wa shule ya msingi aghalabu hukutana na historia kwa mara ya kwanza kama orodha ya tarehe na majina ya watu asiowajua. Makala haya yanatetea njia nyingine: somo lianzie kwenye kifaa anachokishika mtoto kila siku, na jina la kifaa hicho lichunguzwe kwa makini sawa na kifaa chenyewe. Sehemu ya kwanza ya hoja hii si ngeni kwa walimu. Ya pili ndiyo iliyopuuzwa, labda kwa kudhaniwa kuwa ni kazi ya wanaisimu peke yao.

2.0 Chungu, debe na ndoo

Katika uwanda wa juu wa Makonde, chombo cha maji kina mengi ya kusimulia. Udongo wa kichanga hunyonya mvua, na chemchemi hutokea chini kabisa, kwenye miteremko ya kingo za uwanda. Kwa vizazi vingi wanawake na wasichana walishuka kuteka maji na kupanda nayo kichwani, hadi mradi wa maji ya bomba wa miaka ya 1950 ulipoanza kuibadili hali hiyo. Karl Weule, mwanaethnolojia Mjerumani aliyekaa Newala mwaka 1906, alikusanya vyombo vya wenyeji kwa ajili ya makumbusho ya Leipzig; hivyo mtoto wa Ujerumani alipata kuvitazama kama historia mapema kuliko mtoto wa Newala.

Tuseme mwalimu ameweka mezani chungu cha udongo, debe na ndoo ya plastiki. Chungu kina jina la Kimakonde, chilongo, lenye kiambishi chi- kinacholingana na ki- ya Kiswahili. Debe ni neno lenye asili ya Kihindi, nalo linaelekeza kwenye biashara ya Bahari ya Hindi na mafuta ya taa yaliyouzwa katika vyombo vya bati. Hapo hata methali inapata umri: "debe tupu haliachi kuvuma" haiwezi kuwa kongwe kuliko bati lenyewe. Wanafunzi wanaoamini kwamba kila methali ni ya kale mno watashtuka, na mshtuko huo una faida.

Hata hivyo, jina lisichukuliwe kuwa cheti cha kuzaliwa cha kifaa. Kopo ni neno la Kireno lililoingia katika Kiswahili cha pwani, lakini hilo halithibitishi kwamba Wareno walifika Newala. Neno laweza kupanda uwandani pamoja na Kiswahili, karne kadhaa baada ya kupokewa pwani. Mwalimu asiyeitambua tofauti hii atafundisha kosa kwa ufasaha mkubwa.

3.0 Lugha ya nyumbani darasani

Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia, na hakuna sababu ya kukitilia shaka. Lakini mtoto anayekijua chombo kwa Kimakonde, Kiyao au Kimakua tu, akizuiwa kukitaja, atanyamaza, na ushahidi utanyamaza naye. Maji kwa Kimakonde ni medi, kwa Kiyao mesi: ulinganishi huo mdogo waonyesha ujirani wa lugha bila mhadhara wowote.

Masasi yahitaji tahadhari zaidi. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere, yule yule aliyeandika sarufi ya Kiswahili, alifika huko kutoka Unguja pamoja na watu waliokombolewa utumwani, nao wakaweka makazi. Swali jepesi kama "kifaa hiki babu yako alikitoa wapi?" laweza kufungua jambo ambalo familia imelifunika kwa makusudi. Ndonya nayo, pambo la mdomo wa juu walilovaa wanawake wa Kimakonde, huchekwa upesi na watoto ambao nyanya zao walilivaa. Kwa hiyo mwalimu azungumze na wazee kabla ya kifaa kuondoka nyumbani, aulize kipi kinaweza kusemwa mbele ya darasa, na kifaa kirudi kwa mwenyewe siku hiyo hiyo.