Cabarete: Panga Siku Yako kwa Upepo

Cabarete ni mji mdogo wa ufukweni katika mkoa wa Puerto Plata, pwani ya kaskazini ya Jamhuri ya Dominika. Asubuhi bahari yake hutulia, waogeleaji wakaingia majini bila wasiwasi. Ikifika alasiri, anga hujaa tiara za rangi na ghuba likageuka uwanja wa mbio. Mgeni anayeujua mpangilio huu kabla ya kufika hufaidi likizo yake. Asiyeujua hulipia mafunzo saa ambayo hakuna upepo, au huenda kuogelea saa ambayo mbao za michezo zinapita kasi mbele yake.

Upepo unavyofanya kazi

Upepo mkuu wa Karibi huvuma kutoka mashariki karibu mwaka mzima. Huko Cabarete huongezewa nguvu na jua. Nchi kavu ikipata joto, hewa yake hupanda na ile ya baharini huingia kujaza nafasi. Ndiyo maana upepo huanza kushika kasi kuelekea saa sita mchana na kufikia kilele kati ya saa nane na saa kumi alasiri. Alfajiri huwa kinyume: upepo mwanana hutoka milimani kwenda baharini na maji hulala.

Kuanzia Juni hadi Agosti upepo wa mchana huwa wa kutegemewa na mawimbi huwa madogo. Kati ya Desemba na Machi upepo upo, lakini mawimbi makubwa kutoka Atlantiki ya kaskazini hufika pwani, na hayo huwafaa wazoefu. Oktoba na Novemba upepo hupungua. Kumbuka pia kwamba msimu wa vimbunga ni kuanzia Juni mosi hadi Novemba 30, kwa hiyo fuatilia utabiri na nunua tiketi inayoweza kubadilishwa tarehe.

Kila mchezo na mahali pake

Ghuba la mjini ndilo lililoupa mji sifa katika miaka ya 1980, wachezaji wa ubao wa tanga walipoanza kumiminika. Mwamba wa matumbawe ulio mbele yake huvunja mawimbi makubwa kabla hayajafika ufukweni.

Wachezaji wa tiara, yaani wanaovutwa na upepo wakiwa wamesimama juu ya ubao, hukusanyika upande wa magharibi, kwenye ufuko uitwao Kite Beach. Mbele zaidi kuelekea Sosúa ipo Playa Encuentro, mahali pa kuteleza juu ya mawimbi. Huko nenda alfajiri, kabla upepo haujayavuruga maji. Chini pana mwamba na viumbe wa baharini wenye miiba, hivyo vaa viatu vya majini na usiruke kichwa mbele.

Anayetaka kuogelea tu atumie saa za asubuhi, na akae mbali na njia ya kutokea ya mbao.

Ukitaka kujifunza

Usinunue vifaa kwanza. Tafuta shule yenye walimu wenye vyeti vya kimataifa, kama vile vya shirika la IKO kwa mchezo wa tiara, kisha uliza maswali manne kabla ya kulipa. Mwalimu mmoja anafundisha wanafunzi wangapi? Kofia ngumu na koti la kuelea vimo kwenye bei? Ipo boti ya uokoaji? Upepo usipovuma, utarudishiwa fedha au utapangiwa siku nyingine?

Mafunzo ya mwanzo ya tiara huchukua siku kadhaa, kwa hiyo anza siku ya kwanza au ya pili ya safari yako. Somo la lazima ni kuachia tiara kwa haraka. Lirudie ufukweni mpaka mkono ulifanye bila kufikiri.

Usalama kwa mchezaji na mtazamaji

Bahari haishi zinge. Mkondo ukikuvuta kuelekea baharini, usishindane nao: ogelea sambamba na ufuko mpaka utoke ndani yake, ndipo urudi nchi kavu. Kwa anayetembea ufukweni, hatari kubwa ni kamba za tiara. Ni nyembamba, na zikikazwa na upepo hukata ngozi. Usizikanyage zikiwa zimetandazwa mchangani, usisimame upande ambao upepo unaelekea, na usishike tiara ya mtu kabla hujaelekezwa namna ya kuishika.

Kata bima ya safari inayotaja michezo ya majini waziwazi, kwani bima nyingi za kawaida huiacha nje.

Kufika na kutumia fedha

Hakikisha tiketi yako inasema Jamhuri ya Dominika. Dominica ni kisiwa na nchi nyingine kabisa. Uwanja wa ndege wa karibu ni Gregorio Luperón wa Puerto Plata, takriban kilomita 20 kutoka mjini.

Wenye pasipoti za Afrika Mashariki wanaweza kuhitaji viza, ingawa kwa kawaida mwenye viza halali au ukaazi wa Marekani, Kanada, Uingereza au nchi za Schengen huruhusiwa kuingia bila hiyo. Thibitisha kwa ubalozi kabla ya kulipa nauli. Ukipitia Marekani utahitaji viza ya huko hata kama unabadilisha ndege tu. Fomu ya kielektroniki ya kuingia na kutoka nchini hujazwa bure kwenye tovuti ya serikali, kwa hiyo anayekutoza anakuibia.

Fedha ni peso na lugha ni Kihispania. Umeme ni volti 110, basi chunguza chaja zako. Mgahawani, bei ya menyu mara nyingi haijajumlishwa kodi ya asilimia 18 na huduma ya asilimia 10. Kwa safari fupi kuna daladala zao, guagua, na bodaboda zao, motoconcho. Patana bei kabla ya kupanda, na asiye na kofia ya kukupa mwache aende.

Siku isiyo na upepo

Itumie kutembelea mapango ya hifadhi ya El Choco, nyuma ya mji, ukiwa na mwongoza wageni. Ukipenda historia, ulizia habari za Anta Madjiguène Ndiaye, mwanamke wa Senegal aliyeuzwa utumwani Havana mwaka 1806. Baadaye, katika miaka ya 1830, alihamia eneo hili pamoja na familia yake wakikimbia sheria kandamizi za Florida, wakati kisiwa kizima kikiwa chini ya Haiti na utumwa umekwisha kufutwa.

Kabla ya kulipia chochote, basi, andika ratiba yako hivi: mawimbi alfajiri, kuogelea asubuhi, tanga na tiara alasiri. Na siku mwalimu akikwambia upepo wa leo si wako, mtii.