Wagonjwa wa Akili: Fundisho la Mji wa Geel

Katika nchi ya Ubelgiji, mkoani Antwerp, upo mji mdogo uitwao Geel. Kwa karne nyingi wenyeji wake wameshika desturi iliyo ngeni kwetu: huwapokea wagonjwa wa akili nyumbani mwao, wakala nao meza moja na kufanya nao kazi. Nao si ndugu zao wa damu, bali watu wasiowajua kabisa.

Asili yake ni hija. Mapokeo yasimulia kwamba Mtakatifu Dymphna, binti wa mfalme wa Ireland, alimkimbia baba yake aliyerukwa na akili baada ya kufiwa na mkewe, akauawa naye hapo Geel. Habari hiyo iliandikwa katika karne ya 13, muda mrefu mno baada ya mambo yenyewe, wala hatulazimiki kushika kila neno lake. Lakini mahujaji waliomiminika ni wa kweli. Mwaka 1480 kikajengwa chumba cha wagonjwa ubavuni mwa kanisa, nao wakakaa humo siku tisa za sala. Kilipojaa, wenyeji waliwapokea waliosalia. Na wengi ambao hawakupona hawakuondoka tena.

Tusidhani kwamba watu wa Geel walikuwa malaika. Zamani wagonjwa wengine walifungwa minyororo wasitoroke. Tena kila nyumba hulipwa posho kwa mgeni wake, na sioni aibu katika hilo: mkulima maskini hawezi kulisha mtu wa ziada kwa huruma peke yake.

Mwaka 1850 serikali ilishika usimamizi wa kazi hiyo, na mwaka 1862 hospitali ikafunguliwa hapo hapo mjini. Jambo hili lastahili kuangaliwa sana. Jamaa haikuachiwa mzigo peke yake: mwuguzi huja kumtazama mgonjwa, na akizidiwa, kitanda kipo karibu, akipata nafuu hurudi nyumbani kwake. Naye hawamwiti mgonjwa. Humwita mpangaji, yaani mtu alaye na kulala kwao. Mwaka 1938 wapangaji walizidi 3,700. Siku hizi hawafiki 300, kwa kuwa dawa zimeendelea, mashamba yamepungua, na akina mama wengi wanafanya kazi nje ya nyumba.

Je, Afrika yaweza? Mwaka 1954, huko Aro karibu na Abeokuta nchini Nigeria, Daktari Lambo alianza kuwalaza wagonjwa katika nyumba za wanakijiji, kila mmoja pamoja na ndugu yake wa kumhudumia, huku wakitibiwa hospitalini mchana. Yaliwezekana.

Kwetu Tanzania, Hospitali ya Mirembe ya Dodoma imekuwapo tangu mwaka 1927, nayo imesaidia wengi. Lakini mtu wa kijiji cha mbali akiisha kutibiwa, hurudi kwa nani? Mara nyingi hujiona amepona, akaacha dawa, ugonjwa ukarudi; ndipo ndugu humfunga kamba katika kibanda cha uani, na majirani hunong'ona kwamba amerogwa. Kumwombea mgonjwa ni wajibu wetu. Kumzuia asifike kwa daktari kwa kisingizio cha maombi ni dhambi dhidi ya uhai wake.

Jumuiya ndogo ya Kikristo, hata yenye nyumba kumi tu, yaweza kufanya mengi bila jengo jipya. Mmoja amkumbushe mgonjwa dawa zake. Wengine wachange nauli ya kwenda kliniki. Mwingine akae naye siku ya Jumamosi, ili mama yake apate kwenda sokoni au kulala usingizi tu, kwa maana watunzaji nao huchoka hata kuugua. Paroko naye amwombe mganga wa zahanati aje baada ya Misa, awaeleze watu dalili za ugonjwa na mahali pa kupeleka mgonjwa anapozidiwa. Na mwenyekiti wa jumuiya aanze na nyumba ile ambayo watu wameacha kuipigia hodi.