SALA YA ANNA, MAMA WA SAMWELI

(Somo kwa wakatekumeni. Someni 1 Samweli, sura ya 1)

Wapendwa wakatekumeni, mmekwisha kujifunza Baba Yetu, Salamu Maria na Nasadiki. Sala hizo ni mali ya Kanisa, nasi tutazisali mpaka kufa. Lakini wako wanaouliza: «Nikiwa peke yangu, na moyo wangu unauma, nimwambie Mungu nini?» Maandiko Matakatifu yatujibu kwa kutuonyesha watu waliosali. Leo tumtazame Anna. Huyu si Anna Mtakatifu, mama wa Bikira Maria. Yeye aliishi zaidi ya miaka 1,000 kabla ya Yezu kuzaliwa.

1. Shida yake

Anna alikuwa mke wa Elkana. Elkana alikuwa na mke mwingine, Penina, kwa maana siku zile Kristu alikuwa hajaja kuirudisha ndoa katika hali yake ya mwanzo, mume mmoja na mke mmoja. Penina alikuwa na watoto, Anna hakuwa na mtoto. Kila mwaka walipokwenda Shilo kutoa sadaka, Penina alimchokoza, hata Anna akalia na kukataa chakula.

Uchungu huo twaujua. Mwanamke asiye na mtoto husemwa kisimani, husemwa na wakwe zake. Tena wako wamshaurio kwa siri aende kwa mpiga ramli, avae hirizi. Anna alikwenda wapi? Alikwenda mbele ya Mungu.

2. Namna alivyosali

Kwanza, alisema kweli. Hakuficha machozi yake, wala hakutafuta maneno makubwa. Alimweleza Mungu jambo lile lile lililomwuma.

Pili, alisali kwa moyo. Midomo yake ilitikisika, sauti haikusikika. Kuhani Eli alidhani amelewa, akamkemea. Anna hakukasirika, alimjibu kwa heshima kwamba hakunywa kileo, ila alikuwa akimweleza Bwana huzuni yake. Ndipo Eli akambariki.

Tatu, hakujitafutia faida yake peke yake. Aliahidi kwamba akipewa mtoto mwanamume, atamtoa kwa Bwana. Hakutaka kumnunua Mungu. Alikiri mapema kwamba mtoto ni wa Mungu.

3. Neno la kushika

Angalieni vema. Baada ya sala Anna alikula, na uso wake haukuwa na huzuni tena. Je, alikuwa amekwisha kupata mimba? La. Penina naye alikuwa yuko bado. Lakini Anna alikuwa ameiweka shida yake mikononi mwa Mungu, naye akapata raha. Hapa ndipo sala na hirizi zinapoachana. Mwenye hirizi ataka nguvu fulani imtii yeye. Mwenye kusali hujitia mwenyewe mikononi mwa Baba.

Baadaye Mungu alimpa Samweli, na Anna akaimba wimbo wa shukrani unaofanana na ule wa Bikira Maria nyumbani mwa Elizabeti. Walakini msidhani kwamba kila aombaye hupewa kile kile alichokiomba. Yezu mwenyewe, kule Getsemani, aliomba kikombe cha mateso kimwondokee, kisha akayakubali mapenzi ya Baba. Kikombe hakikuondoka. Alikufa msalabani, na siku ya tatu Baba alimfufua. Basi Mungu husikia hata pale tunapodhani amenyamaza.

4. Kazi ya juma hili

Kila jioni, kabla ya kulala, piga ishara ya msalaba. Mwambie Mungu shida yako moja, kwa lugha unayosema na mama yako. Nyamaza kidogo. Kisha sali Baba Yetu polepole, na ufikapo penye mapenzi ya Mungu, iweke shida yako hapo.

Maswali

1. Kwa nini Eli alidhani Anna amelewa?
2. Uso wa Anna ulibadilika lini: kabla ya kupata mtoto, au baadaye?
3. Sala na hirizi zaachana kwa jambo gani?