Lipia Tangi, Bwawa Waachie Wenyewe

Haya wadogo zangu, sogeeni tuongee. Swali linalonifikia sana siku hizi ni hili: "Dada, nimepata fleti mbili hapa Dar. Zote vyumba viwili, ila moja imezidi laki kwa mwezi kwa sababu jengo lina bwawa, jimu, lifti na jenereta. Niongeze?"

Laki kwa mwezi ni milioni moja na laki mbili kwa mwaka. Na wenye nyumba wengi bado wanataka miezi sita kwa mkupuo, kwa hiyo ukikosea ndiyo umekwama nusu mwaka. Kabla dalali hajakuzungusha mpaka kwenye bwawa, jiulize: kitu hiki naweza kujinunulia mwenyewe siku nikikihitaji? Kama unaweza, usikilipie kwenye kodi. Kama huwezi, hapo fungua pochi.

Anza na maji. Ukiwa ghorofa ya tatu huna pa kuweka simtanki lako, unategemea la jengo. Waliokuwepo Dar mwishoni mwa 2022, Mto Ruvu ulipopungua na DAWASA, mamlaka ya maji, wakatangaza mgawo, hawahitaji mahubiri. Ukiambiwa "tangi lipo", uliza ni la lita ngapi na mnaligawana wangapi. Lita 10,000 kwa fleti 12 ni kama lita 830 kila moja. Familia ya watu wanne, kila mtu na ndoo zake nne za lita 20 kwa siku, inazimaliza kabla siku ya tatu haijaisha. Wakisema kuna kisima, fungua bomba la jikoni unawe kwa sabuni. Povu likigoma, weka tone ulimini: visima vingi vya Dar vina chumvi. Utafulia na kudekia, lakini ya kunywa utanunua, na hita ya bafuni haitadumu.

Sasa jenereta. Usiulize kama lipo, uliza linawasha nini. Majengo mengine ni taa za ngazi tu, halafu umeme ukikatika pampu inalala na maji hayapandi, hata tangi la chini likiwa limejaa. Jenereta linalosukuma pampu na lifti linastahili pesa yako. Feni na taa zako unaweza kuzinunulia betri. Likifika mpaka kwenye soketi zako, uliza dizeli ni ya nani, maana wapo wanaokuletea bili mwisho wa mwezi.

Lifti inategemea ghorofa. Ya kwanza na ya pili, miguu inatosha. Kuanzia ya nne, mfikirie mama mkwe na magoti yake, jifikirie na mimba ya miezi minane, na kijana wa gesi na mtungi wa kilo 15 begani. Ila ipande kwanza, na umuulize mlinzi mara ya mwisho imekufa lini na ilikaa siku ngapi. Lifti isiyo na fundi ni kabati la bei mbaya.

Geti na mlinzi, lipia. Hutaajiri mlinzi wa mlango wako peke yako. Hakikisha wapo wa zamu mbili. Anayekesha mchana na usiku, saa nane atakuwa kwenye usingizi wake mtamu.

Na kuna kitu dalali hakitaji kamwe: pa kuanikia nguo. Panda juu ya paa, tazama kamba. Kama hakuna, shuka zako zitamchuruzikia jirani wa chini kwenye baraza, na ugomvi wa majirani huanzia hapohapo.

Bwawa na jimu? Mdogo wangu, jimu za mtaani unalipa kwa siku, hoteli kadhaa zinauza kuogelea kwa siku, na Coco Beach hakuna kiingilio. Kama tayari unaogelea kila wiki, sawa. Kama unapanga kuanza ukishahamia, acha. Intaneti ya jengo nayo, kila jirani akifungua filamu saa mbili usiku, utarudi kwenye bando lako.

Kabla ya kulipa, rudi saa moja jioni bila dalali, wakati kila mtu yupo nyumbani na mabomba yote yamefunguliwa. Ukimkuta jirani anapandisha ndoo, umeshajibiwa. Kisha sevisi chaji iandikwe kwenye mkataba: kiasi gani, inalipia nini, imo ndani ya kodi au nje.

Na laki ile siyo msahafu. Mwambie mwenye nyumba: "Bwawa silihitaji. Nitaongeza elfu hamsini, na ya miezi sita nakuwekea leo." Fleti ikiwa imekaa tupu miezi miwili, atakusikiliza.