Bilioni ya nani? Kutoka mnyororo wa mpima ardhi hadi femtomita

Mwaka jana niliombwa kutafsiri ukurasa mmoja wa fizikia, kutoka Kifaransa kuja Kiswahili, kwa ajili ya wanafunzi wa sekondari. Ulihusu urani ya Shinkolobwe, kule karibu na Likasi, ambako Marekani ilipata sehemu kubwa ya urani ya mradi wake wa mabomu ya 1945. Mwandishi alitaka watoto waelewe udogo wa kiini cha atomu, akakilinganisha na kitu wanachokiona kila siku: lupango, na mnyororo ambao jeometre wa zamani aliupimia.

Hesabu yenyewe si ngumu. Mnyororo wa wapima ardhi wa Kifaransa na wa Kibelgiji una mita 10. (Ule wa Waingereza, alioubuni Edmund Gunter mwaka 1620, una futi 66, yaani mita 20.1168. Kwa hiyo kabla ya kuanza, uliza mnyororo ni wa nani.) Wanaofanya kazi na viini vya atomu hupima kwa femtomita, na mita moja ina femtomita 10¹⁵, yaani 1 ikifuatwa na sifuri 15. Ukisahau kipeo hicho, kumbuka kwamba jina limetoka Kidenmarki: «femten» ni kumi na tano. Wanafizikia wengine huiita fermi, kwa heshima ya Enrico Fermi. Basi mnyororo wa mita 10 ni femtomita 10¹⁶, na kiini cha urani kina kipenyo cha femtomita 15 hivi.

Hadi hapo sikukosea. Nilikosea kwenye sentensi ambayo niliiona nyepesi kuliko zote: milimita moja ni «un billion» ya femtomita. Nikaandika «bilioni moja», nikaendelea.

Mwenzangu aliyesomea Dar es Salaam aliusoma ukurasa, akaniuliza: «Ndugu, milimita yako imekuwa ndogo hivi tangu lini?» Kwa Kifaransa tulichofundishwa shuleni, «milliard» ni 10⁹ na «billion» ni 10¹². Kwa Kiswahili cha Tanzania na Kenya, kilichopokea neno hilo kutoka Kiingereza, bilioni ni 10⁹, na 10¹² ni trilioni. Mimi nilikuwa nimechukua sauti ya neno, nikaacha idadi yake. Kwa msomaji wa Dar es Salaam, milimita yangu ilikuwa imepunguzwa mara elfu. Ukipunguza kwa kiasi hicho hicho upande wa lupango wenye mita 20, utabaki na sentimita 2, na hakuna jirani atakayekubali.

Ninaona tatizo hili ni letu zaidi kuliko la wanafizikia. Wao huandika 10¹² na kunyamaza. Sisi ndio tunaoandika kwa maneno, na hapa Lubumbashi tunasoma kwa Kifaransa huku vitabu vingi vya Kiswahili vikitoka mashariki. Wapo wanaopendekeza tutumie «miliari» kama tunavyosema sokoni. Sikatai, lakini «miliari» inatuokoa kwenye 10⁹ tu. Kwenye 10¹² bado tutagongana.

Katika ukurasa uliosahihishwa niliondoa majina yote makubwa kuliko milioni, nikaweka vipeo. Kisha nikaongeza mfano mmoja kwa wasiopenda vipeo. Atomu ya urani ni kama nanomita 0.3, na nanomita moja ni femtomita 1,000,000. Kwa hiyo atomu ni pana mara 20,000 kuliko kiini chake. Chukua kijiwe cha malakiti chenye sentimita 1, ukiweke katikati ya uwanja mtupu, ukiite kiini. Ukingo wa atomu utakuwa mita 100 kutoka hapo, kila upande: minyororo 10 ya Kibelgiji.

Zoezi: mnyororo wa Gunter ni femtomita ngapi? Jibu: 2.01168 × 10¹⁶. Sasa jaribu kulitamka jibu hilo kwa Kiswahili mbele ya mtu wa Nairobi na mtu wa Likasi.